Jini wa Dada Rahma

Nguo za mjukuu wangu sizitii kwenye beseni mpaka nizipekue mifuko. Hutoka mambo humo: vizibo vya soda, misumari, peremende iliyoyeyuka ikagandana na kitambaa. Juzi kimetoka kitu cha buluu, ukubwa wa komwe ya bao, kina nyuso nyingi na kila uso una nambari yake. Nikakipangusa povu, nikamwita.

"Naam, bibi."

"Nini hichi?"

"Dadu hiyo, bibi! Nimeitafuta mpaka nimechoka."

"Dadu ina nyuso sita. Usinifanye mtoto."

"Hiyo ya mchezo wetu. Si ule tunaocheza mezani Ijumaa, na wale wenzangu."

Nilikuwa nikiwaona, sikuwahi kuuliza. Hukaa mezani kwangu baada ya sala, mmoja anahadithia, wengine wanasema watafanya nini, dadu ndiyo inayoamua kama wameweza au wameshindwa. Kumbe hadithi ni moja tu, wanaivuta tangu mwaka jana, haijesha. Sasa wamehamia watoto wawili mtaani kwetu, baba yao alikuwa akitembeza wageni msituni Jozani, na wao wanataka kuingia.

"Ndo pananishinda hapo, bibi," akasema. "Sisi tushafika mbali. Niwahadithie yote tangu mwanzo? Au nipunguze, niwape yale muhimu tu?"

Aliuliza kama mtu anayejisemea. Mimi nilisimama pale na mikono ina povu, uso unaniwaka kama nimeinamia jiko.

"Mie sijui mambo hayo," nikamwambia. "Kachukue kanzu yako uende nayo chuoni leo." Akacheka, akaenda zake. Lakini nilikuwa najua. Katika watu wote wa mtaa huu pengine ni mimi peke yangu niliyekuwa najua.

Nyumba yetu ilikuwa Malindi ya Unguja, moja katika zile za zamani zenye ukuta mnene, na ndani ina ua ulio wazi juu mpaka mbinguni, na vyumba vyote vya juu na chini vimeuzunguka ua huo. Mkiwa madirishani mnanuka papa mkavu wa sokoni. Mkiwa uani mnanuka ukuta uliorowa. Nyinyi wa rika langu mnajua masika ya zamani yalivyokuwa. Ikishika mvua mtoto hatoki, na mtoto asiyetoka ni balaa ndani ya nyumba. Ndo dada yangu mkubwa, Rahma, akatutungia Nchi.

Dada Rahma alikuwa keshatoka skuli, anashona kofia. Alikuwa akikaa kwenye ngazi ya chini, kofia gotini, mimi na Saidi, mtoto wa ami yangu tuliyekuwa tukilelewa naye, tumekaa kwenye mkeka mbele yake. Katikati yetu pana sinia la bati la kulia biriani, lililotoboka, limepinduliwa. Juu yake alichora kwa mkaa: hapa mto, hapa soko, hapa msitu, hapa jumba. Jumba alilichora kama lile gofu la Mtoni, kwa sababu siku moja baba alitupeleka huko kumtazama mgonjwa, tukapita kwenye zile kuta zilizosimama bila ya paa, na Dada Rahma akawa hataki kuondoka.

Kanuni zake zilikuwa chache. Yeye ndiye Mwenye Nchi, akisema kuna mvua basi mvua ipo. Sisi tunasema tutafanya nini. Kisha tunatupa kauri: zikilala nyingi kifudifudi, umeshindwa, zikikutazama nyingi, umeweza. Saidi alikuwa tabibu. Mimi nilikuwa Askari wa Lango, nalo ni jambo nililolitaka mwenyewe, maana nilikuwa mtoto mkaidi na nikipenda kumwambia mtu hupiti. Dada Rahma, juu ya kuwa Mwenye Nchi, alikuwa na mtu wake humo: Binti Mfalme, aliyekaa ghorofa ya juu ya jumba, akituamrisha na kutuchekesha.

Tuliicheza Nchi ile masika, tukaicheza kiangazi, tukaicheza mvua za vuli, na masika tena. Palikuwa na maradhi yaliyoingia mjini na Saidi akatafuta dawa mpaka akakata tamaa. Palikuwa na mfanyabiashara mwongo aliyeuza mbuzi mmoja kwa watu wote. Palikuwa na kesi ya mbuzi huyo, na kadhi kiziwi. Sinia tulikuwa tukiliweka chini ya kitanda cha mama, mchoro juu, na ole wako ulifute. Mkaa ukififia Dada Rahma anachora upya, pale pale.

Halafu akaja Jini.

Sasa ninavyokumbuka, siku aliyoingia Jini kwenye Nchi ni siku walipokuja wazee kuzungumza na baba, wakapewa kahawa, wakazungumza kwa sauti ya chini, wakaenda zao. Mimi sikuyaunga mawili hayo. Mtoto anaona wazee wanakunywa kahawa, haoni zaidi. Niliona tu kuwa jioni ile Dada Rahma alishona muda mrefu, kisha akasema: "Upande wa Mtoni katokea Jini. Anamtaka Binti Mfalme."

"Yukoje?" Saidi akauliza.

"Mzee. Amevaa kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Ananukia udi. Akicheka, jino lake moja la dhahabu."

"Anavunja milango?"

"Havunji. Anapiga hodi. Kila mlango anapiga hodi, na wenyewe wanamfungulia, kwa sababu amekuja na zawadi."

Saidi akacheka mpaka akaanguka. "Jini gani anapiga hodi!"

"Huyo," Dada Rahma akasema. "Ndo ubaya wake."

Tangu siku hiyo Nchi ikawa si ya mbuzi tena. Mimi ndiye niliyekuwa langoni, na kila jioni nilitupa kauri nimzuie, na kila jioni akasogea. Ghorofani Binti Mfalme akawa anasema maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka nayasikia kwa sauti ya Dada Rahma, ya chini, kichwa kimeinamia kofia: "Nitupeni baharini, msinipe huyu mzee. Mwambieni baba yangu, mie bado nna pumzi." Siku moja sindano ilimchoma kidole, akaacha damu iingie kwenye kofia ya mtu. Mimi nikamwambia Saidi tulipokwenda kulala, "Dada leo kaipatia kweli kweli." Nilidhani ni ufundi.

Mtu aliyemposa Dada Rahma alikuwa Bwana Khamis, akisimamia mizigo bandarini, mtu mzima aliyefiwa na mke. Nilimchungulia siku alipokuja na wajomba zake. Akacheka jambo, nikaliona jino. Na mimi, badala ya kushtuka, nilifurahi mpaka nikapanda ngazi mbio kumtafuta Saidi: "Jini wetu nimemuona! Yupo! Kavaa kanzu vilevile!" Kwa akili yangu, Dada Rahma alimtunga Jini kwanza, kisha Mungu akamleta mtu wa kufanana naye. Na Jini kwetu hakuwa tusi. Alikuwa ndiye mkubwa wa Nchi, ndiye anayeogopwa, ndiye asiyeshindwa. Nilimuonea Bwana Khamis wivu.

Dada Rahma akawekwa ndani kungoja harusi. Akawa chumba cha juu, anasuguliwa liwa na msio ngozi ing'are, haonekani na wageni, hashuki uani. Siku aliyopanda alinikabidhi mfuko wa kauri. "Nchi kaa nayo wewe," akasema, basi. Nikadhani kanitukuza. Nilitembea siku nzima kama mtu aliyevishwa joho.

Baba alikuwa kasafiri Pemba kwa shughuli zake siku walipokuja wanawake wa upande wa pili kuleta sanduku, lile la nguo na manukato ya bi harusi. Walipokelewa ghorofani, udi umewashwa, visheti vimepangwa. Mkubwa wao alikuwa Bi Zaina, dada yake Bwana Khamis, mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Alikuja na binti zake wawili, Asya aliyelingana na mimi, na Nunu mdogo wake. Walipokwisha kutoa shikamoo kwa kila mtu, wakakaa wima kwenye mkeka wakitazama visheti.

Mama akaniita pembeni. "Wachukue wenzio ukacheze nao chini. Na sikiliza. Mgeni hakai kutazama. Mgeni ndiye anayetangulizwa. Wakirudi hapa wamenuna, nitakuonesha."

Nikawashusha uani. Mvua ilikuwa imeacha, mifereji inadondosha. Saidi keshatoa sinia.

"Nini hii?" Asya akauliza.

"Nchi," nikamwambia. "Kaeni."

Saidi akaninong'oneza, "Hawa tuwaanzishie nyengine. Ndogo. Ya kuwindia sungura tu."

"Ya nini? Waje hapa tulipo."

"Hawajui hapa tulipo!"

"Ntawahadithia."

"Yote? Mpaka magharibi?"

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Nikakaa kitako, nikafikiri kama Mwenye Nchi anavyofikiri. Mbuzi hawatamuelewa, na kadhi kiziwi ni lazima umjue tangu mwanzo ndo akuchekeshe, nikawatoa. Maradhi marefu, nikayatoa. Soko, mto, msitu, nikavuka vyote kwa neno moja. Nikabakisha Jini, lango, na Binti Mfalme. Watoto wageni watafahamu mara moja. Na kweli walifahamu. Nchi yote ya Dada Rahma niliivua nguo, moja baada ya moja, mpaka ikabaki ile aliyokuwa akiificha ndani yake. Anayeficha fedha hazifichi juu. Na dada yangu alikuwa kaificha roho yake chini ya mbuzi na kadhi na masika mawili ya vichekesho, na mimi nikaitoa uani, nikaipangusa vumbi.

Kisha nikakumbuka neno la mama, mgeni ndiye anayetangulizwa. Kwa hiyo sikuwapa wageni kuwa watumishi wala walinzi. Niliwapa vilivyo bora. "Wewe Asya, Binti Mfalme. Wewe Nunu, Jini."

"Mie sitaki jini," Nunu akasema, mdomo umeanza kutetemeka.

"Si jini wa kutisha. Mjomba wako Khamis unamjua?"

"Namjua."

"Basi ndo yeye. Jino lile lile. Unavaa kanzu, unanukia, unapiga hodi, na kila mtu anakufungulia."

Uso wake ukang'ara. "Mie mjomba Khamis!" Akajifunga mtandio kiunoni kuwa kanzu, akaenda kusimama nyuma ya nguzo.

Asya nikamfundisha maneno. Sikumpunguzia hata moja. Nilikuwa nimeyahifadhi kama nilivyohifadhi Juzuu Amma, na alikuwa mwepesi kushika. Jambo nisilolijua ni kwamba Asya alikuwa ndiye anayetangulia kusoma kasida chuoni kwao. Nunu akapiga hodi, mimi nikatupa kauri, zikalala kifudifudi zote, na Asya akasimama juu ya ngazi ya tatu, akavuta pumzi, akatoa sauti ya kasida:

"Nitupeni baharini! Msinipe huyu mzee! Msinipe mzee wa jino la dhahabu! Mwambieni baba yangu, mie bado nna pumzi!"

Ua ule ulikuwa kama kisima. Ukinong'ona chini, aliye juu anasikia. Asya hakunong'ona.

"Hodi!" Nunu akasema, kwa sauti nene. "Mie mjomba Khamis, nimekuja na zawadi!"

"Nitupeni baharini!"

Tukapiga makofi. Nilipoinua uso nikawaona wanawake wamesimama kwenye vizuizi vya ghorofani, wamejipanga, kama watu wanaotazama ngoma. Nikadhani tumewapendeza.

"Asya," Bi Zaina akaita, taratibu.

"Labeka, mama."

"Wacheza nini?"

"Tunacheza Nchi, mama! Mie Binti Mfalme, sitaki kuolewa!"

"Na mzee ni nani?"

"Mjomba!" Nunu akajibu, anaruka. "Ndo mie!"

Bi Zaina akauliza: "Nani kawafundisha maneno hayo?"

Wakaninyooshea kidole mimi. Nikasimama. Nakumbuka nilijitengeneza mtandio kwanza, kama mtu aliyeitwa mbele chuoni kusikilizwa alichohifadhi. "Si mimi, Bi Zaina," nikasema, kwa adabu yangu yote. "Maneno ni ya Dada Rahma. Yeye ndiye aliyemtunga Jini, akawa anayasema kila siku. Mimi nimeyahifadhi tu."

Mifereji ilikuwa ikidondosha. Nyuma ya Bi Zaina nilimuona mama, mkono umeshika birika la kahawa, na kahawa inamwagika sakafuni na yeye haioni. Upande wa pili wa ua, mlango wa chumba cha Dada Rahma ulikuwa wazi kidogo. Nikaona vidole vyake kwenye ubao wa mlango, vimekuwa vya njano kwa liwa. Kisha mlango ukafungwa, na komeo likaanguka.

"Ahsante, mwanangu," Bi Zaina akaniambia. "Umehifadhi vizuri."

Na mimi nikatabasamu. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linalonifanya niwe natia mkono usoni hata nikiwa peke yangu jikoni. Nilitabasamu, nikasema, "Ahsante, Bi Zaina."

Walivaa mabuibui yao. Mama akawa anasema, "Dada Zaina, watoto hawa, wallahi, watoto..." na Bi Zaina akasema, "Watoto hawana kosa, dada. Mtoto husema alichosikia," na hilo lilikuwa baya kuliko lau angepiga kelele. Sanduku hawakulichukua. Waliliacha katikati ya ukumbi, halikufunguliwa, na kwa siku kadhaa tukawa tunalizunguka tukipita, hakuna aliyethubutu hata kulisogeza.

Mama hakunipiga. Nilikaa nikimngoja anipige. Saidi alikuwa keshakimbilia juu ya paa. Mama alikuja uani, akatazama sinia, akatazama mimi, akasema, "Lioshe."

Nikalisugua kwa jivu na kumbi la nazi. Mto ukatoka, msitu ukatoka, jumba ndilo lililokataa. Mkaa wake ulikuwa umechorwa mara nyingi mno pale pale. Nililisugua mpaka bati likabaki jeupe na vidole vinauma.

Magharibi nilipewa chakula cha Dada Rahma nimpandishie. Alinifungulia. Hakuwa akilia, nami nikapata nguvu.

"Dada, nimefanya nini?"

Alikaa kitandani, akaweka sahani pembeni. "Kaa," akasema. "Hujui, kwa hivyo nakwambia. Nilikuwa nnamngoja baba arudi Pemba."

"Kwa nini?"

"Nna neno langu naye. Nshalipanga. Ningelisema kwa upole, yeye na mimi tu, na baba ananisikiliza mimi, unajua. Angekwenda kwao akawaambia mwanangu bado, na wao wangekubali, na hakuna ambaye angevunjiwa heshima." Alikuwa akisema kama anayesomea mtoto hesabu. "Sasa sina la kusema. Nikisema simtaki, itakuwa tulimtukana kwanza, ndo tukamkataa. Mtu mzima wa watu, kaitwa jini na mpwa wake mwenyewe, nyumbani kwetu. Baba atakaa safu gani msikitini?"

"Lakini mie sikujua kuwa Jini ni..."

"Najua hukujua." Akanisukumia sahani. "Kula wewe. Mie nshashiba."

Sikula. Nilishuka na sahani vilevile ilivyopanda.

Kwa upande wa Bwana Khamis alikuja mjomba wake na ujumbe mfupi. Bwana Khamis anasema: watoto ni watoto, mimi sikusikia kitu, mkitaka jambo liendelee litaendelea, na mkitaka lisimame sina kinyongo. Watu wa mtaa walimsifu sana kwa maneno hayo. Na kila sifa aliyopewa ilikuwa ni tofali jengine kwenye mlango wa Dada Rahma, maana mtu muungwana kama huyo ungemkataaje?

Baba akarudi. Nilikuwa nyuma ya mlango nilipomsikia akimuuliza, sauti yake imechoka. "Rahma, mwanangu. Mimi nakuuliza wewe, siwaulizi watu. Unaridhia?"

Nikasikia mvua. Nikasikia mtu anapita njiani anauza kahawa, anagonganisha vikombe. Nilimuomba Mungu dada aseme neno, lolote, nami niliyekuwa na maneno yake yote kifuani sikuwa na haki ya kumpa hata moja. Hakusema kitu. Kwetu kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake, na baba akakipokea kimya kile, akasema alhamdulillahi.

Watu niliowahi kuwagusia jambo hili, si wengi, huniambia: lakini alikuwa mume mwema. Kweli, alikuwa mwema. Hakumnyanyasa, hakumuolea mwengine, alimjengea, wakazaa, wakazeeka. Dada Rahma alimuuguza kwa mikono yake na alipofariki alimlilia kweli. Lakini wema ule ulikuwa wa Bwana Khamis. Mimi sina fungu ndani yake. Mimi nilichofanya ni kumchukulia dada yangu siku moja, ile siku ambayo angekaa na baba yake akasema neno lake, na akajua nini angejibiwa. Siku hiyo hakuipata tena. Amekufa bila ya kuijua.

Na Bi Zaina hakusahau. Kwa maisha yake yote alimwita wifi yake Binti Mfalme. "Binti Mfalme leo kapika mwenyewe?" "Mpisheni Binti Mfalme akae." Alisema kwa upole ule ule, wageni wakidhani ni jina la mapenzi.

Fungate walikaa kwetu, kama ilivyokuwa desturi, chumba kile kile cha juu, na kazi ya kupandisha chakula ikawa yangu, kwa kuwa mimi ndiye mdogo wa bi harusi. Siku za mwanzo niliweka sinia mlangoni nikabisha nikakimbia. Mama akajua, akanikataza. "Unaingia, unamsalimia mume wa dada yako, unaweka, unangoja vyombo. Adabu haina mlango wa uani."

Basi nikaingia. Mkate wa kumimina, mayai, chai ya maziwa. Dada Rahma alikuwa amenipa mgongo, anakunja nguo. Bwana Khamis kakaa kwenye zulia na kanzu nyeupe. Sikuinua macho kupita magoti yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji yangu. Mbona unanikimbia? Mie nang'ata?" Akacheka, na hapo hapo mkono wake ukapanda ukaziba mdomo. Niliona. Siku alipokuja na wajomba zake alicheka mdomo wazi. Tangu harusi mpaka anazeeka sikumuona tena akicheka bila ya mkono ule.

Nikaweka chai. Ikamwagika kidogo kwenye sahani.

"Nasikia," akasema, "kuna mchezo wenu mzuri."

Dada Rahma akaacha kukunja nguo.

"Wapwa zangu wamenisimulia. Nunu kila akija kwangu anataka tuucheze, mimi siujui, ananiambia nije nikuulize wewe." Alikuwa akisema kwa sauti ya mtu anayemwita paka aliyeingia chini ya kabati. "Mimi nimeingia nyumba hii mgeni. Hebu nitieni na mimi humo. Si lazima niwe mkubwa. Nipeni hata kazi ya kufagia hilo jumba, nitafagia."

Sasa mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, najua alikuwa anafanya nini yule mtu. Alikuwa amenyoosha mkono. Alikuwa ananionesha namna ya kutoka, mimi, na pengine sote watatu: tukae tuichore upya, tumtafutie pahala, awe mtu kama watu wengine wa Nchi. Neno moja lilitosha. Kaa hapa, shemeji, utakuwa fulani.

Nilitazama sinia nililolipandisha. Halikuwa lile, lilikuwa jipya la harusi, lenye maua.

"Mie siujui mchezo huo, shemeji," nikasema.

"Huujui?"

"Siujui."

Akangoja. Kisha akatia mkono kwenye mkate, akaumega, na mimi nikasimama pale nikingoja vyombo kama nilivyoamrishwa.

"Muache," Dada Rahma akasema, bila ya kugeuka. "Huyo mtoto. Hajui kucheza."